Kabla hujasaini fremu ya uwanja wa ndege mkoani, na hivi vyuma vimekaza

Wadau mko poa? Kuna dogo wa hapa Kipawa kanipigia juzi, kapata fremu ndani ya uwanja wa ndege mkoani (mkoa siutaji), wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na yeye anajiona kaokota dodo chini ya mnazi. Nimemwambia tulia kwanza niandike, maana sio yeye peke yake anayeniuliza hili swali. Mimi nilikuwa na mgahawa mdogo uwanja wa Mtwara enzi za gesi na nilikuwepo gesi ilipopoa, sasa hivi niko Dar nawapelekea chakula wafanyakazi wa JNIA, uwanja wa ndege wa hapa, kwa hiyo huu mchezo nimeuona mkoani na mjini.

Kitu cha kwanza dogo jua uwanja unakula wapi. Ndege ikitua inalipia kutua, na hayo malipo yanaenda na uzito wa ndege, hayaangalii ndani kuna watu wangapi. Halafu kuna ile 10,000 ya kila abiria anayeondoka kwa safari ya ndani, hiyo unaikuta ishaingizwa kwenye bei ya tiketi wala huiwazi. Ndio tunakuja sisi sasa, kodi za fremu, parking, mabango na vinginevyo. Hali ikiwa ngumu ndege ya ATR ya watu 70 inakuja ikiondoka na watu 35, uwanja umekosa 350,000 ya vichwa lakini hela ya kutua imeingia kama kawaida. Wewe umepoteza nusu ya wateja, na hiyo nusu iliyobaki ni watu wa kununua maji madogo na kuomba kuchaji simu. Ndio maana ukienda ofisini kulia kwamba biashara hakuna, mtu anakutazama haelewi unalia nini, kwake si ndege imetua?

Na uwanja wenyewe una wa kuubeba. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ina viwanja zaidi ya 50 nchi nzima na vingi havijilishi, vinabebwa na vikubwa, hasa huu wa Dar. Na mbebaji mwenyewe anaweza kukaa chini, tuliona Terminal 3 imefunguliwa Agosti 2019, jengo la abiria milioni 6 kwa mwaka, haijamaliza hata mwaka korona ikaingia na ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa Aprili 2020 mpaka Mei 18. Hata hapo serikali ipo nyuma. Fremu yako ipo nyuma yake nani? Ni wewe na mkopo wako wa kikoba.

Mtwara ilivyokuwa wengi mmesahau. 2012, 2013 pale ulikuwa huwezi kupata chumba cha hoteli kirahisi, wazungu wa gesi, wakandarasi, watu wa kununua viwanja vya kujenga, kila ndege imejaa. Katikati ya 2014 bei ya mafuta duniani ikaanza kuporomoka, pipa lililokuwa zaidi ya dola 100 mwanzoni mwa 2016 likaonekana chini ya 30, makampuni yakafunga mikoba, ule mradi mkubwa wa kusindika gesi wa Lindi ukabaki kwenye makaratasi, na bomba la kuleta gesi Dar nalo likawa limeisha 2015 kwa hiyo waliokuwa wanalijenga wakaondoka. Juu ya hapo ikaja ile kaza mkanda ya serikali mwishoni mwa 2015, semina za hotelini zikafyekwa, na nyie mnajua ndege za mikoani abiria wake wakubwa ni watumishi na watu wa miradi. Nani anapanda ndege kwenda semina ambayo haipo?

Sasa nakwambia kilichonilipia kodi kipindi hicho, na hapa ndio naomba usikilize vizuri. Watu wanadhani ndege zikipungua uwanja unapunguza watu, kumbe kuna watu hauwezi kuwapunguza. Zimamoto wa uwanja wanapangwa kwa ukubwa wa ndege inayotua pale, ATR 72 ina urefu wa mita 27 hiyo ni daraja la 5 la zimamoto, ndege za Q400 za ATCL zina karibu mita 33 hapo ni daraja la 6. Taratibu za kimataifa zinaruhusu kushuka daraja moja kama hiyo ndege kubwa kutua na kuruka kwake hakufiki mara 700 ndani ya miezi mitatu yenye pilika kuliko yote, ila kusema leo zimamoto wabaki nyumbani hapana, haipo. Asubuhi nilikuwa nawaona wanalitoa lile gari jekundu, wanaliacha lingurume kidogo, mmoja anapanda juu anarusha maji kwenye nyasi, mwingine anaandika kwenye daftari, wanalirudisha kwenye banda. Ndege yenyewe mpaka saa nane mchana, au haiji kabisa. Wakishamaliza wanakuja kwangu, chai ya rangi, chapati, maharage. Nyuma yao polisi, nyuma yao watu wa hali ya hewa, waongoza ndege, wabeba mizigo, madereva teksi ambao hawana abiria na wana siku nzima ya kubishana Simba na Yanga.

Kwa hiyo weka bei mbili. Abiria muuzie bei ya uwanja hana neno, ila staff wape bei ya mtaani na daftari la mwisho wa mwezi. Kuna wenzangu waliona aibu kuuza ugali uwanja wa ndege, walitaka wauze keki na kapuchino, walifunga mapema sana.

Ratiba nayo ikae kichwani. Hali ikibana mashirika yanaunganisha safari, ndege moja inapitia mikoa miwili, muda unahama hovyo na wewe hakuna anayekwambia. Viwanja vingi vya mikoani kwa miaka mingi havikuwa na taa za kutulia usiku, maana yake ndege ikichelewa Dar mpaka jioni inaahirishwa, unabaki na beseni zima la sambusa. Jenga urafiki na mtu wa kaunta. Akikwambia leo safari imefutwa, unga bado haujakandwa.

Alafu mkataba. Omba kodi iwe na kiwango kidogo cha kudumu na kinachobaki kiwe asilimia ya mauzo, wakikataa omba angalau kipengele kwamba runway ikifungwa kwa ukarabati au safari zikikatwa, kodi inasimama. Usikubali ahadi ya mdomo, mimi kuna ofisi moja iliniahidi punguzo kwa mdomo, bosi akahamishwa, mpya akasema hana hiyo taarifa. Na pitia vyoo vya abiria kabla hujasaini, sitanii. Uwanja ukiishiwa hela haugusi zimamoto wala runway, unaanza na AC, taa za nje na vyoo, ukikuta upande mmoja umefungwa kwa kufuli na kutu imeshaingia jua bajeti imekatwa kitambo.

Kama fremu ni ya Dodoma hesabu yako nyingine kabisa, treni ya SGR ilianza kufika kule Julai 2024, na kwa 31,000 ya treni ya kawaida yule abiria wa kubania hela hutamwona tena airport.

Kwa Mtwara au Lindi angalia korosho. Minada ikianza Oktoba wanunuzi wanaingia, watu wa benki, watu wa vyama vya ushirika, ndege zinajaa tena hata mwaka mbaya, mpaka Desemba Januari hivi. Kwa hiyo ukisaini saini Septemba. Wakikulazimisha uanze Februari, omba miezi miwili ya bure kwa ajili ya kutengeneza fremu, na usione haya kuomba, maana fremu ikikaa tupu na wao hawaingizi hata mia.