Kabla ya Kununua Askari Mwingine, Chagua Saa Moja ya Vita

Diorama yangu ya kwanza, yaani mandhari ndogo ya vita inayopangwa mezani kwa sanamu, ilikuwa na askari 43, na wote walivaa kofia ambazo siku ile jeshi lao lilikuwa bado halijawapa. Nilikusudia kuwaonyesha Waingereza wakiulinda mfereji wa Mons, nchini Ubelgiji, tarehe 23 Agosti 1914. Nikanunua kwa mkupuo askari wa plastiki walioandikwa kuwa ni wa Vita Kuu ya Kwanza, nikawapaka rangi kwa miezi minne, nikawapanga ukingoni mwa maji niliyoyatengeneza kwa tabaka za vanishi, kisha nikamwita mzee mmoja aliyeanza kazi hii miaka mingi kabla yangu aje kuona. Aliinama, akatazama kimya kwa muda, halafu akauliza, "Hizi kofia za chuma wamezitoa wapi?" Jeshi la Uingereza lilianza kupewa kofia za chuma mwaka 1915, waliopigana Mons walikuwa na kofia za kitambaa tu.

Kofia zenyewe lilikuwa kosa dogo. Kosa kubwa ni kwamba nilianza kwa kununua askari, kisha nikatafuta vita vya kuwaingiza. Tangu siku hiyo nafanya kinyume chake: nachagua kwanza saa moja, ya siku moja, mahali pamoja, na saa hiyo ndiyo inayoamua ninunue askari gani, wawe wangapi, wavae nini na wawe wamechafuka kiasi gani. Mtu anayesema anatengeneza mandhari ya Vita Kuu ya Kwanza bado hajachagua chochote, kwa kuwa sare zilibadilika sana katika miaka ile minne. Wafaransa waliingia vitani wakiwa na suruali nyekundu, na mwaka 1915 wakawa wanavaa buluu iliyopauka na kofia za chuma. Wajerumani nao walivaa kofia za ngozi zenye ncha utosini hadi kofia zao za chuma zilipoanza kuwafikia mwaka 1916. Ukiijua tarehe, nusu ya maswali yako yamekwisha kujibiwa.

Aliyenifundisha hili zaidi ya yeyote ni mtu wa karne ya 19, ofisa wa Kiingereza aitwaye William Siborne, aliyetengeneza sanamu kubwa ya uwanja wa vita wa Waterloo, nchini Ubelgiji, ambako Napoleon wa Ufaransa alishindwa; iliyoonyeshwa London mwaka 1838. Siborne aliishi miezi minane katika shamba la La Haye Sainte, katikati ya uwanja wenyewe, akipima kila mwinuko na kila bonde. Kisha akaamua kwamba sanamu yake itaonyesha tarehe 18 Juni 1815, saa moja jioni, na si wakati mwingine wowote. Aliwaandikia maofisa waliosalimika akiwauliza vikosi vyao vilikuwa wapi saa hiyo, adui aliye mbele yao alikuwa amejipanga vipi, na hata mashambani kulikuwa na mazao gani. Swali hilo la mazao ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kazi hiyo ilimwingiza katika madeni na katika ubishi mkubwa kuhusu mahali walipokuwa Waprusia, washirika wa Waingereza siku ile, lakini namna yake ya kuuliza ndiyo ninayoiiga hadi leo.

Ukishaipata saa yako, hesabu inafuata, nayo haina huruma. Skeli, yaani kipimo cha kupunguza ukubwa, zinazopatikana kwa urahisi ni 1:72, ambayo kila kitu ni kidogo mara 72 kuliko halisi na mtu mzima ana urefu wa milimita 25 hivi; 1:35, ambayo imezoeleka kwa vifaru na magari; na 1:32, ambayo ni ileile ya milimita 54 ya askari wa kale wa kuchezea. Sasa chukua umbali wa mita 100, ambao vitani si kitu. Katika 1:72 umbali huo ni karibu mita moja na nusu ya meza, na katika 1:32 ni zaidi ya mita tatu. Kwa hiyo huwezi kuonyesha vita vizima, wala hata batalioni moja iliyojitandaza, isipokuwa kama una ukumbi na miaka mingi ya kuishi. Unachoweza kuonyesha ni pembe ya ukuta, mlango wa zizi, gurudumu moja la mzinga lililozama topeni. Kwa maoni yangu, anayeanza asizidishe askari saba. Kila askari wa ziada humpunguzia mtazamaji sababu ya kumtazama aliye kando yake.

Hapa niseme kidogo kuhusu askari wa kale, kwa sababu wengi huingia katika kazi hii kwa kurithi kasha la babu. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilianza kutengeneza askari wa madini ya risasi walio wazi ndani: madini yaliyoyeyushwa yalimiminwa kwenye kalibu, na kabla hayajaganda yote, yaliyobaki katikati yakamwagwa. Askari akawa mwepesi na wa bei nafuu. Kampuni hiyo iliacha kutumia risasi mwaka 1966, kwa hiyo askari wake wa aina hiyo unayemshika leo ana umri wa kuheshimiwa. Usimpake rangi upya. Rangi yake ya kwanza, hata ikiwa imebanduka pua na vidole, ndiyo thamani yake, na kisanduku chake cha karatasi kina thamani pia. Ukitaka kupaka rangi, nunua askari mpya.

Askari huyo wa kale usimweke kwenye kabati la mwaloni pia. Nilifanya hivyo, tena kwa fahari, maana kabati lilikuwa zuri. Baada ya misimu michache ya joto nikakuta wapanda farasi wangu wameota unga wa kijivu miguuni, na farasi mmoja akavunjika kifundo nilipomwinua. Mbao za mwaloni hutoa mvuke wa asidi, wa jamii ileile ya siki, nao hula risasi polepole mahali pasipo na hewa ya kutosha. Mbao za kubandikwa zisizozibwa kwa rangi zina tabia hiyohiyo. Kabati la chuma na kioo, lenye upenyo wa hewa, linatosha. Unga huo ni sumu: usiusugue kwa msasa, usiupulize, nawa mikono kila unapowashika askari hao, na uwaweke mbali na watoto.

Tukirudi kwenye askari wapya, jambo la kwanza ni maji ya uvuguvugu na sabuni. Askari anatoka kalibuni akiwa na mafuta yasiyoonekana, na rangi haishiki juu ya mafuta. Plastiki laini ya askari wa 1:72 ni mkaidi zaidi, kwa sababu hupinda na kuiambua rangi, hivyo tabaka la rangi ya awali inayonyumbuka ni la lazima. Baada ya hapo paka tabaka mbili nyembamba, kamwe si moja nene. Wanaoanza hukimbilia brashi ndogo kuliko zote dukani wakidhani ndiyo itakayochora macho. Rangi hukauka kwenye nywele zake kabla haijafika usoni. Brashi namba 1 yenye ncha nzuri hufanya karibu kazi yote. Macho yenyewe, katika 1:72, yaache. Kivuli chini ya kofia kinatosha, kwani hata wewe humwoni mtu mboni akiwa mbali kiasi hicho.

Rangi za sare zinahitaji kupunguzwa ukali. Askari mdogo aliyepakwa rangi ileile ya kitambaa halisi huonekana mweusi na mzito, hivyo changanya na rangi nyeupe kidogo au ya mchanga. Viatu vyeusi navyo vipake kijivu kilichokolea. Kisha zimua rangi ya kahawia kwa maji mengi, uiache itiririke kwenye mikunjo, na ikikauka, pitisha brashi karibu kavu yenye rangi nyepesi juu ya kingo. Hapo ndipo mikono inapojifunza, nami sijui njia ya mkato.

Kuhusu ardhi nitasema machache. Povu gumu la kuhami joto huchongeka vizuri kwa kisu, lakini rangi za kupuliza na gundi zenye kiyeyusho hulitafuna, basi tumia gundi nyeupe ya mbao. Mchanga uchekeche na uuoke kwanza ili wadudu wafe. Umwage juu ya gundi, kisha udondoshee gundi iliyozimuliwa nusu kwa nusu na maji, pamoja na tone la sabuni ili izame. Kata kile kibao kilicho chini ya miguu ya askari, maana hakuna anayepigana akiwa amesimama juu ya sahani, na tope la ardhi yako ndilo hilohilo liwe kwenye viatu vyake.

Mfereji wa Mons niliurudia miaka mitatu baadaye. Safari hii nilisoma kwanza, nikakutana na daraja la reli la Nimy, ambako Luteni Maurice Dease alijeruhiwa mara kadhaa akiziongoza bunduki mbili za rashasha hadi akafa, na askari wa kawaida, Sidney Godley, naye akiwa na majeraha, akabaki na bunduki peke yake ili wenzake warudi nyuma. Mwishoni aliifungua bunduki vipande vipande, akavitupa mferejini, kisha akatekwa. Nilichagua dakika hiyo ya vipande. Kuna askari mmoja tu, wa 1:32, mwenye kofia ya kitambaa, amepiga magoti kwenye ukingo wa daraja na mkono wake wa kulia uko wazi, hauna kitu. Chini yake, katika tabaka la tatu la vanishi kati ya tabaka saba, kuna kipande cha chuma chenye urefu wa milimita nane ambacho hukioni mpaka uiname.

Mzee yule aliinama. Safari hii aliuliza kuhusu maji, kama kweli yalikuwa ya kijani kiasi hicho mwezi wa Agosti, na bado nalitafutia jibu swali lake.