Nimemsamehe, ila kesi naiacha iendelee: majibu ya maswali yenu

Safari hii maswali karibu yote yamekuja juu ya kitu kimoja, kusamehe na haki, nimeyafupisha na majina nimeyatoa.

Mtu niliyemwamini kanitapeli akiba yangu yote. Nimeshasema mbele za Mungu nimemsamehe, sasa nikiendelea na kesi si nitakuwa mnafiki?

Wala. Ulichoachia ni kisasi, ile hamu ya kumwona naye analia kama ulivyolia, hela zako ni habari nyingine. Msome Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri kwenye Luka 19, Yesu keshaingia nyumbani kwake, hajamdai hata senti, na bado jamaa anasimama mwenyewe anasema niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Mara nne jamani! Alafu kuna Papa Yohane Paulo wa Pili, alipigwa risasi tarehe 13 Mei 1981, siku nne baadaye akiwa bado anaugua akasema amemsamehe aliyempiga, Desemba 1983 akamfuata gerezani Roma wakakaa wakaongea, na huyo Mehmet Ali Ağca akaendelea kula jela Italia mpaka mwaka 2000 rais wa nchi alipomsamehe. Yani msamaha wa papa ulikuwa wa papa, wa serikali ukaja kivyake miaka 19 baadaye, na mi sioni unafiki wowote hapo.

Mume wangu ananipiga, nikikimbilia kwetu mchungaji ananiambia saba mara sabini, rudi. Nifanyeje?

Dada yangu usirudi, kaa mahali salama kwanza mengine baadaye. Hiyo saba mara sabini Yesu alikuwa anamjibu Petro, na Petro aliuliza nimsamehe ndugu yangu mara ngapi, hakuuliza nipigwe mara ngapi. Na hao wanaopenda kusoma Mathayo 18 kuanzia mstari wa 21 wangeanzia wa 15 basi, maana hapo Yesu anasema ndugu akikukosea kamwambie mkiwa wawili, asiposikia nenda na mashahidi, asiposikia liambie kanisa, akigoma hata hapo awe kwako kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru, yani mtu wa nje. Hiyo ni sura ile ile moja, sijui kwa nini huwa inarukwa (najua, ila tuyaache). Kumsamehe unaweza hata ukiwa mbali naye, kurudiana ni mpaka yeye awe amebadilika watu wakaona, siyo yale machozi ya asubuhi pombe zikiisha.

Kiongozi wetu kamharibu mtoto, wazee wanataka tuyamalize ndani ya kanisa tusichafue jina la Bwana.

Polisi, leo leo. Na mtoto apelekwe hospitali. Hao wazee wanasamehe kama nani, waliokosewa ni wao?

Aliyenikosea hakiri wala hajaomba msamaha. Namsamehe vipi mtu anayesema hajafanya kitu?

Hapa wakristo wenyewe tunabishana. Luka 17:3 inasema mkemee, akitubu msamehe, kwa hiyo kuna wanaosema bila toba hakuna msamaha, alafu Luka huyo huyo sura ya 23 Yesu anawaombea wanaomsulubisha na hakuna aliyekuwa ameomba radhi. Mi naona hasira unaweza kuiweka chini hata leo kwa ajili ya usingizi wako mwenyewe, lakini kumwambia "yameisha" wakati anakataa hata kwamba yalikuwepo, hapana, huo utakuwa uongo wenu wawili. Na hasira ikirudi kesho asubuhi usidhani hukusamehe, unaiweka chini tena, ndo ilivyo.

Yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu aliahidiwa peponi siku hiyo hiyo. Sasa haki ya watu aliowaumiza ilienda wapi?

Swali zuri kuliko yote, ila soma alichomwambia mwenzake, kwamba sisi tunapata tunachostahili kwa matendo yetu. Hakuomba ashushwe, aliomba akumbukwe. Na kweli hakushushwa, kwenye Yohana 19 askari wanakuja wanamvunja miguu sawa na mwenzake.