Usiunge hizo nyaya leo, pima mota kwanza

Mkuu, weka chini kila kitu. Umeandika kwamba mzee jirani yako huko Leicester kakuachia kichwa cha treni ya mfano cha Hornby cha zamani, chenye mota ya aina ya X04, umeshanunua dekoda ya sauti (kile kisaketi kidogo kinachoongoza mota na kutoa sauti), na sasa unauliza jinsi ya kubadili namba ya treni na kuunga reli ya kugeuzia. Muuzaji kakwambia ni nyaya nne tu: nyekundu na nyeusi kwa reli, chungwa na kijivu kwa mota. Rangi ni hizo kweli. Alichoacha kukwambia ndicho kilichonimezea pauni 220.

Mota hiyo ina brashi mbili, vile vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka. Moja imekingwa. Ya pili inapata umeme kupitia chesisi yenyewe, yaani fremu ya chuma ya kichwa, na chesisi imeungana na magurudumu ya upande mmoja. Kwa mfumo wa zamani haina neno, umeme unatoka relini unaingia kwenye mota moja kwa moja. Kwa DCC, mfumo wa kidijitali wa kuongozea treni, reli ina umeme kamili muda wote, hata treni ikiwa imesimama, na dekoda ndiyo inayoigawia mota. Brashi ikigusa chesisi, umeme wa reli unaivamia dekoda kwa mlango wa kutokea. Hapo imekwisha.

Mimi nilikiweka kichwa changu kwenye reli kuu, nikawasha. Honi ililia nusu, ikakatika. Ikaja harufu, na kwenye ile nailoni inayoifunika dekoda pakatokea kipele cheusi, kidogo kama punje ya mtama. Nikampigia muuzaji wangu. Akasema bila kusita, "Hiyo ilitoka mbovu, chukua nyingine." Hakuuliza ni mota gani, hakuuliza kama nimepima. Nikatoa pauni 110 nyingine, nikaunga vilevile, ikaungua vilevile. Mtu anayeuza vitu hivi kila siku hawezi kuniambia alikuwa hajui! Hadi leo nikikumbuka roho inaniuma, na nilipouona uzi wako usiku huu nikashindwa kulala.

Shika hili hata kama utasahau mengine yote: dekoda haiingii mpaka mita inyamaze. Ondoa nyaya zote za zamani kwenye mota. Weka mita ya kupimia umeme kwenye mlio (inalia ncha zake zikiungana), ncha moja kwenye brashi, nyingine kwenye chesisi, halafu gurudumu moja moja, kulia na kushoto. Rudia kwa brashi ya pili. Ikilia popote, usiendelee. Kwa X04 dawa ni ndogo: itazame springi inayobana brashi, utaona mkono mmoja umevishwa kijimrija cha kukinga umeme na mwingine uko wazi. Uvishe na huo, kisha pima upya.

Na ukishaunga, usikimbilie reli kuu. Anzia reli ya kuprogramu, ile ya pembeni ya kuwekea mipangilio ya dekoda, umeme wake ni mdogo, ukikosea dekoda kwa kawaida inapona. Soma CV 8 (CV ni mipangilio yenye namba iliyohifadhiwa ndani ya dekoda). Ikileta namba ya mtengenezaji, ni dalili nzuri. Namba ya treni inatoka kiwandani ikiwa 3, utaibadilisha hapohapo kwenye CV 1.

Piga picha ya hizo brashi kwa karibu uiweke hapa kabla hujagusa dekoda. Niko macho.