Foleni ikisimama, macho ya dereva wa semi yasisimame

Vijana wanaotoka kuchukua leseni daraja E wakija yadi kuomba kazi, maswali yao mengi huwa ya mlima Kitonga. Unashuka na gia gani, breki ya injini inatosha au haitoshi, ukikuta gari limekufa kwenye kona unafanyaje. Maswali mazuri, yana majibu yake. Mimi huwauliza langu moja: upo na semi, kichwa na tela lake, taa za Buguruni, foleni imesogea, mbele yako pametokea nafasi ya mita kumi. Kabla hujaachia breki, unaangalia wapi?

Wengi hujibu, "mbele." Hapo ndipo ninapoanza nao.

Miaka yangu mingi imeishia kati ya bandarini na bandari kavu, kuliko njia ya Tunduma, na msimamo wangu hadi leo ni huu: kwa dereva wa lori kubwa hapa Dar, mtu wa pembeni yupo hatarini zaidi gari linapoanza kusogea kuliko linapokimbia. Kule Chalinze ukiwa na 80, hakuna bodaboda atakayekuja kujibanza chini ya mlango wako. Barabara ya Mandela saa 11 jioni atakuja, tena hataomba ruhusa. Foleni ikisimama tu, yale uliyoyaona kwenye vioo dakika iliyopita hayana kazi tena. Machinga wa maji amekatiza mbele ya bampa. Bajaji imejipenyeza kushoto kati yako na ukingo wa barabara. Mama mwenye mzigo kichwani ameona upenyo kati ya kichwa chako na lori la mbele. Na wewe muda huo unamjibu wakala wa forodha anayepiga simu kuuliza umefika wapi.

Kwa hiyo kila unapotoka kusimama, hata kama mlisimama kidogo tu, hesabu kwamba ndiyo kwanza unatoka yadi. Anza kuangalia upya.

Mimi huanza kushoto: kioo kikubwa cha pembeni, kisha kile kilichopinda cha upana, halafu kile kidogo kilicho juu ya mlango wa utingo kinachotazama chini. Nikitoka hapo naenda kioo cha mbele, kile kinachoonyesha ardhi iliyo mbele ya bampa, kama gari linacho, kisha vioo vya kulia, namalizia kwa macho yangu mwenyewe kupitia kioo kikubwa cha mbele. Wapo walimu wanaofundisha kuanzia kulia, sigombani nao. Sababu yangu ya kuanza kushoto ni kwamba kwa usukani wetu wa kulia, huko ndiko mbali zaidi na macho yangu na ndiko wanakopita wengi. Sababu ya kumalizia mbele ni kwamba aliyesimama mbele ya bampa ndiye wa kwanza kuguswa. Halafu nikiachia breki, mita ya kwanza natambaa. Hiyo mita ni ya yule ambaye vioo vyote havikumwona: anapata muda wa kupiga kelele au kupiga ubavu wa gari, na mimi napata muda wa kukanyaga.

Wenye magari madogo hawaamini kwamba hatuwaoni. Wanadhani ukikaa juu kama sisi unaona dunia nzima. Ni kweli unaona mbali, unaona hadi paa la daladala ya nne mbele yako. Lakini macho yako yapo karibu mita 2.5 kutoka ardhini, na mlango na deshibodi vinakata kila kilicho karibu. Mtoto akisimama kugusa bampa humwoni. Gari dogo likikaa sambamba na tairi la mbele la kushoto, linaweza kupotea lote. Bodaboda ndiyo usiseme.

Ulaya waliliona tatizo hili wakaweka sheria: malori makubwa mapya kuanzia mwaka 2007 yawe na kioo cha mbele, kile kinachoning'inia juu ya kioo kikubwa cha mbele, upande wa utingo. London wamekwenda mbali zaidi. Tangu Machi 2021 lori la zaidi ya tani 12 haliingii mjini bila kibali kinachopima dereva anaona kiasi gani kwa macho yake bila kutegemea vioo, na Oktoba 2024 kipimo kikapandishwa. Sisi malori yetu mengi ni mitumba ya huko huko Ulaya. Yanashuka bandarini yakiwa na vioo vyake vyote, lakini pita yadi yoyote ya Kurasini au Tabata uhesabu mangapi bado yanacho kile cha mbele. Kimevunjwa na tawi, au fundi alikitoa akibadilisha kioo kikubwa cha mbele na hakukirudisha, na hakuna aliyeuliza.

Wenye magari madogo wanaandika namba za gari kwenye saiti mira zao kwa kuogopa wezi. Sisi adui wa vioo vyetu ni nguzo za mageti na malori tunayopishana nayo.

Sasa kuhusu kuviweka. Usiguse kioo kabla hujaweka kiti. Weka kiti unavyoendesha, kaa kama unavyokaa ukichoka, maana asubuhi kila mtu hukaa wima na saa tisa mchana wote tumejilaza. Kwenye kioo kikubwa cha pembeni, ubavu wa tela uchukue sehemu ndogo tu ya upande wa ndani, na uone hadi tairi la mwisho linapogusa lami. Nimekuta madereva ambao nusu ya kioo chao ni kontena. Kontena la futi 40 unalijua lipo, huna haja ya kulitazama njia nzima. Kioo cha upana kionyeshe eneo lile ambalo kikubwa kinaliacha, hasa pembeni mwa mlango na njia ya pili. Kumbuka kimepinda, kwa hiyo kinafanya vitu vionekane vidogo na vya mbali. Bajaji unayoiona huko ukadhani iko nyuma ya tela inaweza kuwa karibu na tangi la mafuta.

Halafu fanya zoezi ambalo halina gharama. Gari likiwa limezimwa yadi, mwambie utingo azunguke taratibu kuanzia bampa, ashike kushoto hadi nyuma, arudi kulia, huku akiwa ameinua mkono. Wewe kaa kwenye usukani, kila anapopotea piga honi. Pale honi inapolia aweke kopo au jiwe. Mkimaliza, shuka ukatazame yale mawe. Kisha mbadilishane: yeye apande, wewe uzunguke. Ukisimama chini karibu na tairi la mbele na kumuona utingo wako huko juu akitazama upande wako bila kukuona, utaelewa kitu ambacho maelezo yangu hayawezi kukupa. Mimi nimewahi kuwapandisha hata bodaboda wa kijiweni kilicho nje ya geti letu. Waliposhuka walikuwa wanabishana wao kwa wao, na siku hizi wanapishana na malori yetu kwa adabu.

Kona ndiyo mtihani. Chukua unatokea Ubungo kwa Mandela, unakata kushoto Buguruni kuingia Uhuru. Tairi za tela hazifuati njia ya kichwa, zinakata ndani. Ndiyo maana lazima utanue kulia kwanza ili tela lipate nafasi. Ukitanua, unaacha upenyo mkubwa kushoto kwako, na mwenye pikipiki akiuona anadhani umempisha. Indiketa yako ya kushoto hajaiona, au ameiona akadhani atawahi. Sasa upenyo huo huo ndio tairi za tela zinaufuata.

Na vioo hapo vinakugeuka. Kichwa kikishapinda kushoto, kioo cha kushoto kinajaa ubavu wa tela, na cha kulia kinatazama hewani, kinakuonyesha maduka ya ng'ambo. Huoni tena kinachotokea kulia kwa tela. Kwa hiyo kuangalia kulia kufanyike kabla hujaanza kupinda, na ukishaanza, jicho lirudi kushoto kila mara kwenye tairi za nyuma mpaka zipite ukingo. Fungua dirisha. Zima redio. Sikio linasikia pikipiki ambayo kioo hakina. Ukiona mtu ameingia humo ndani, usimpigie honi ukaendelea na mwendo ukitegemea atarudi nyuma. Simama kabisa, hata kama trafiki anakupungia mkono na daladala zote nyuma yako zinapiga honi. Trafiki anaongoza magari, hayuko chini ya tela lako kuangalia.

Jambo lingine la kona ambalo halitajwi sana: vioo vyenyewe vinaziba. Nguzo ya kioo kikubwa cha mbele pamoja na saiti mira mbili zilizopangana zinaweza kumficha mtu anayevuka pundamilia, hata bajaji nzima inayokuja kutoka kulia. Yeye akitembea na wewe ukisogea kwa kasi inayolingana, anabaki nyuma ya nguzo muda wote. Dawa yake ni kujisogeza kwenye kiti. Inama mbele, rudi nyuma, chungulia kando ya kioo. Dereva wa lori anayekaa kama ameganda simpi gari.

Malori ya usukani wa kushoto yana hesabu yake. Wenzetu wa Kongo na Rwanda kwao wanaendesha kulia, hivyo wakija kuchukua mzigo bandarini wanakuwa na upofu upande wa kulia, ule ambao sisi wote tunautumia kuwapita. Ukimkuta huyo kwenye Morogoro Road usikae sambamba na kichwa chake. Ama mpite upite kweli, ama ubaki nyuma pale unapouona uso wake kwenye kioo chake. Kama humwoni yeye, naye hakuoni.

Barabara ikifunguka, ukishapita Kibaha, kazi ya vioo inakuwa nyepesi lakini haiishi. Tupia jicho kabla ya kukanyaga breki, kabla ya indiketa, na baada ya kupita gari ili ujue tela limetoka lote. Jicho liwe la haraka. Kwa kilomita 50 kwa saa unakwenda karibu mita 14 kila sekunde, kwa 80 ni mita 22, na tairi la mtu mwingine likipasuka mbele yako halisubiri umalize kutazama nyuma. Ukipita kwenye matuta, tazama pia tairi zako mwenyewe: moshi, turubai lililofunguka, kamba inayoburuta. Vioo ndiyo ukaguzi wako wa njiani.

Ndani ya kabini tunajiziba wenyewe. Pazia lenye shanga kwenye dirisha la kushoto, mito, bendera ya Simba au Yanga imetandazwa deshibodi nzima, stika za maneno ya busara zimejaa kwenye kioo. Napenda mpira, lakini bendera ikae nyuma kitandani. Na utingo naye ajue nafasi yake: akiegemea mbele kuchati, kichwa chake kipo katikati ya wewe na kioo cha kushoto. Mkikaribia kona aegemee kiti nyuma, simu mfukoni, atazame chini upande wake na aseme anachokiona. Utingo mzuri anasema "bado, pikipiki" kabla hujamuuliza. Ila akisema "twende," bado ni wewe wa kuangalia, kwa sababu leseni inayoshikwa ni yako.

Kurudi nyuma sitaeleza kirefu, maana kila yadi ina vituko vyake. Mawili tu sibadilishi. La kwanza, shuka ukapaone kabla ya kurudi, hasa sehemu zenye watoto na mama lishe. La pili, utingo asimame upande wa dirisha lako, mahali ambapo unamwona kwenye kioo, na akipotea kwenye kioo gari linasimama hapo hapo. Usiendelee kwa sauti ya "njoo, njoo" peke yake. Zile sauti huwa za watu watatu, na mmoja wao anamwambia dereva wa gari lingine. Kamera za nyuma zinasaidia, nazipenda, ila masika zikiwa na tope ni picha ya tope.

Masika hayo hayo weka kitambaa safi mlangoni, siyo kile cha kufutia mikono yenye grisi. Kioo cha kushoto kifutwe kila mnaposimama mizani au kituo cha mafuta. Kikiwa kimepasuka, usikifunge kwa gundi na kipande cha kioo cha kunyolea, nimeviona vikisafiri hivyo hadi mpakani. Mwambie bosi kabla kontena halijapanda. Akikujibu kioo kitanunuliwa wiki ijayo, mwambie na mzigo upangiwe wiki ijayo. Atakasirika, na pengine atampa gari mwenzako. Kabla mwenzako hajaondoka, mwonyeshe kioo kilichovunjika.