Re: Je, diwani anaweza kutangaza hali ya hatari ili tupate msaada?

Mkuu, hapana. Hata mkuu wa mkoa hawezi. Ibara ya 32 ya Katiba ya Tanzania inampa Rais peke yake mamlaka ya kutangaza hali ya hatari. Ila paa zenu kuezuliwa na upepo hakuhitaji tangazo hilo.

Shika njia ya kamati za maafa, zilizomo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Maafa, Na. 6 ya 2022. Taarifa inaanzia kijijini, inapanda kata, wilaya (huko mwenyekiti ni DC, yaani mkuu wa wilaya) hadi mkoa. Ikizidi uwezo wa mkoa, inafika Ofisi ya Waziri Mkuu. Kule Hanang, mkoani Manyara, tope liliposhuka mlimani Desemba 3, 2023, serikali kuu iliingia haraka, lakini ule ulikuwa msiba wa taifa.

Kwenu kinachoamua ni daftari la mtendaji wa kijiji, lenye orodha ya kaya zilizoathirika. Sisi orodha ilirudishwa kwa sababu kaya moja iliandikwa mara mbili, jina la baba na la mama, tukapoteza wiki nzima watoto wakilala darasani. Andikeni mkuu wa kaya, idadi ya watu, kilichoharibika, picha. Na mfanye hivyo kabla hamjafagia mabaki, tafadhali.