Vitabu vya wanyama vya kuchekesha kwa kipindi cha hadithi

Dada, umeuliza uchague vipi vitabu vya wanyama vya kuchekesha kwa watoto wadogo wa maktaba hapo Tanga. Mimi naanza na picha. Kiegemeze kitabu ukutani, urudi nyuma hatua kadhaa: kama huoni, tuseme, fisi aliyebanwa mkia mlangoni anavyotoa macho, mtoto wa mwisho mkekani hataambulia kitu. Maneno yawe machache, na pawe na kibwagizo cha kuitikia. Hapo hata mwenye haya hupaza sauti. Vinavyomcheka mnyama kwa unene au kilema, viache kabisa. African Storybook, mradi wa vitabu vya watoto, wana hadithi za Kiswahili za bure mtandaoni, unapakua na kuchapa. Ila zisome kwanza kwa sauti nyumbani, nyingine zinakwamakwama ulimini.