Kodi ya mshahara wa mwisho: barua kwa mwanangu

Lamu, 12 Mei 2025

Mwanangu Mwanaisha,

Salamu sana, na bibi yako akusalimu. Picha ya karatasi yako ya mwisho ya mshahara imefika. Ilibidi mdogo wako anikuzie kwenye simu, macho yangu si yale ya ukarani tena. Waniuliza: miezi yote walikukata PAYE, ile kodi ya mshahara, ya elfu tatu na kitu, mbona Aprili wamekata 14,067? Ati hoteli imekuibia siku ya kuaga?

Kwa hilo hawakukuibia. Nimepiga hesabu mara mbili.

Mshahara wako ni 40,000. Kwanza hutolewa NSSF (akiba ya uzeeni) 2,400, SHIF (bima ya afya) ya asilimia 2.75 ambayo ni 1,100, na tozo ya nyumba ya asilimia 1.5, yaani 600. Hizo hazitozwi kodi. Zinabaki 35,900: za kwanza 24,000 hukatwa asilimia 10, zinazofuata 8,333 hukatwa asilimia 25, na zilizo juu ya hapo asilimia 30. Kisha kodi hiyo hupunguzwa kwa nafuu yako ya 2,400. Ndipo inapotoka ile 3,153 uliyoizoea.

Aprili wakakulipa na siku zako za likizo, 40,000 nyingine. Madaraja mawili ya chini mshahara ulikwisha kuyajaza, kwa hiyo fedha ya likizo yote, ikishatolewa makato yake, imeangukia kwenye asilimia 30. Mashine ya mishahara haijui kwamba Mei huna kazi. Imeona maji ya bamvua, ikadhani bahari hujaa hivyo kila siku.

Lakini kodi huhesabiwa kwa mwaka, na hapa ndipo nataka unisikilize. Kwa mwaka, daraja la asilimia 10 hufika 288,000, na nafuu ni 28,800. Mapato yako ya Januari hadi Aprili, ukishatoa makato yale, ni kama 180,000. Asilimia 10 yake ni 18,000, na nafuu imeizidi. Maana yake, usipopata kipato kingine hadi Desemba, hudaiwi kodi hata shilingi, ilhali wamekwisha kukukata zaidi ya 23,000. Hizo ni zako. Zinadaiwa kwa kujaza ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka, kwenye iTax, mtandao wa mamlaka ya kodi (KRA), mwakani, kabla ya tarehe 30 Juni, kisha kuomba kurejeshewa. KRA hawana haraka ya kurudisha, nakwambia mapema usije ukazipangia matumizi. Na ukipata kazi Julai, inshallah, mapato yote mawili yatajumlishwa, na kitakachorudi kitapungua au kisiwepo.

NSSF, SHIF na tozo ya nyumba hazirudi kwa njia hiyo. NSSF ni akiba yako, iache.

Kwa hiyo idai P9, karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi uliyokatwa, kabla meneja hajafunga milango kwa msimu wa mvua. Mimi nilipoacha kazi yangu ya kwanza niliondoka na hasira, nikaona haya kurudi kuomba karatasi. Mwaka uliofuata mwajiri kahama, na karani aliyenijua hayupo. Dai na cheti cha utumishi pia, ni haki yako kisheria hata kama mliachana vibaya.

Lililonikera ni ile 2,500 waliyokukata ya “sare”. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inataja ni makato gani mwajiri anaweza kutoa, na ya mali iliyoharibika ni pale mfanyakazi alipoiharibu au kuipoteza kwa makusudi. Sare ya jikoni iliyochakaa miaka mitatu kwa mvuke si makusudi. Waandikie kwa adabu, waulize wamekata kwa aya ipi, nawe ubaki na nakala. Kama ulitia sahihi karatasi ya sare siku ya kuajiriwa, nitumie niisome kwanza, kabla hujawaandikia.

Ukija Ijumaa, njoo na karatasi zote za tangu Januari, hata zilizolowa. Mamako amesema usisahau na lile sufuria lake.

Babako